Vazi la Kazini ni Amana

(Hotuba kwa vijana wa Kiislamu wanaoingia katika kazi za ofisi, hospitali, shule na viwanda)

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Wazee waheshimiwa, akina mama, na ninyi vijana wa kike na wa kiume: maneno ya leo ni juu ya jambo ambalo kila mtu hulifanya kila asubuhi, na wachache hulifikiri. Nalo ni kuvaa nguo za kwenda kazini.

Mtu afikapo mlangoni pa ofisi, nguo zake humtangulia kusema. Kabla hajatoa salamu, ukosi wa shati lake umekwisha kueleza kama aliamka mapema au alikurupuka. Viatu vyake vimekwisha kutoa habari ya jinsi atunzavyo vitu vidogo. Na harufu yake imekwisha kuingia chumbani. Aliyekuja kutaka huduma, awe mgonjwa, au mzazi wa mwanafunzi, au mfanyabiashara mwenye hati ya kugongwa mhuri, hana njia nyingine ya kumjua aliye mbele yake katika dakika ile ya kwanza. Humpima kwa akionacho.

Katika mitaa ya Waislamu ya miji hii ya maziwa, kama Buyenzi katika Bujumbura na Nyamirambo katika Kigali, upo ubishi juu ya jambo hili ambao haujapata kwisha. Wazee husema kwamba vijana wakipata kalamu na meza huiacha stara nyumbani. Vijana nao hujibu kwamba wazee wangependa fundi wa magari aingie chini ya lori naye amevaa kanzu. Kila upande una sehemu yake ya haki. Na katikati ya ubishi huo yupo binti aliyemaliza masomo kwa jasho la mama yake, naye amekaa nyumbani kwa kuwa ameambiwa kwamba kazi na ushungi havipatani. Yupo na kijana aliyeitwa kusailiwa, akakopa fedha akanunua suti, akaianza kazi akiwa mtumwa wa deni. Hao wawili ndio sababu ya hotuba hii.

Yafaa kuanza nyuma kidogo, kwani mtu asiyejua nguo yake imetoka wapi hawezi kujua aishike kwa nguvu kiasi gani.

Nguo na Uislamu viliingia katika nchi hizi kwa njia moja. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora mpaka Ujiji, ilichukua majora ya nguo kama wasafiri wa leo wachukuavyo fedha. Kwa nguo walilipwa wapagazi, kwa nguo ililipwa hongo ya kupita katika nchi za watawala, na kwa nguo kilinunuliwa chakula cha njiani. Nguo nyeupe ngumu iliitwa merikani, kwa kuwa ilifumwa katika viwanda vya Marekani. Na Wamarekani walikuwa na balozi wao mdogo huko Unguja tangu mwaka 1837. Nguo nyeusi ya bei rahisi iliitwa kaniki, nayo ilitoka Bara Hindi.

Huko Buganda, husimuliwa kwamba mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza ya Kabaka Suna mwaka 1844. Baada yake kanzu ikaenea katika baraza hiyo, hasa zama za Kabaka Mutesa. Leo kanzu ni vazi la heshima la Waganda wa dini zote. Mkristo wa Kampala aendapo kuposa huvaa kanzu, na juu yake koti, naye haoni kwamba ameazima nguo ya mtu. Vazi lililoletwa na wageni Waislamu limekuwa vazi la wenyeji wote, bila ya kulazimishwa mtu, kwa kuwa waliolivaa mwanzo walilivaa kwa adabu.

Lakini kanzu hiyo hiyo, katika siku za ukoloni, ilivishwa watumishi. Katika nyumba za Wazungu na katika mahoteli makubwa ya Afrika Mashariki, mtumishi wa mezani alivaa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni, na tarbushi kichwani. Vazi la imamu mihrabuni likawa vazi la boi mwenye sinia. Je, kanzu ilishuka cheo? Haikushuka. Mzee aliyepokea sahani kwa mikono safi mchana, jioni aliingia msikitini na kanzu yake nyingine, akasimama safu moja na tajiri, na hapana aliyemwambia arudi nyuma.

Na Unguja, kabla ya hali ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1897, mtumwa alijulikana kwa nguo yake: kipande cha merikani au kaniki mwilini, na kichwa kitupu. Waliopata uhuru hawakungoja sana. Wanaume walitafuta kanzu na kofia, na wanawake walitafuta kanga za rangi na kitu cha kufunika kichwa. Wengi wao hawakuwa na fedha, wala shamba, wala nyumba. Lakini walifahamu kwamba mtu huru huanza kuonekana huru kwa namna anavyotoka mlangoni kwake. Anayesema kwamba mavazi ni upuuzi mtupu, na awakumbuke watu hao.

Tena watawala nao wamecheza na nguo. Nchini Zaire, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Rais Mobutu alipiga marufuku suti na tai, akawaamuru watumishi wa serikali wavae koti lisilo tai liitwalo abakosti, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuiangusha suti. Karani aliyevaa tai jana akaonekana mkosaji leo. Mwaka 1990 amri hiyo ikaondolewa, na tai zikatoka makabatini. Katika muda wa miaka kama 20, nguo ya heshima ikawa ya aibu, na ya aibu ikarudi kuwa ya heshima, wala kitambaa chenyewe hakikubadilika hata uzi mmoja.

Ushahidi wote huu waonyesha neno moja. Umbo la nguo ya kazi hubadilika kwa nchi, kwa zama, na kwa amri ya wakubwa. Suti haikushuka kutoka mbinguni, wala shati la mikono mifupi halikutoka motoni. Lakini chini ya maumbo hayo yote yapo mambo matatu yasiyobadilika, na kwa mambo hayo matatu vazi la mfanyakazi lipaswa kupimwa: stara, usafi, na kuifaa kazi yenyewe. Bei haimo katika hesabu hiyo.

Dini imekwisha kuliweka sawa jambo hili tangu zamani. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-A'raf, imetaja nguo kuwa ni ya kusitiri na ya kupamba, kisha ikataja vazi la uchaji kuwa ndilo bora. Katika sura hiyo hiyo waumini wameamrishwa kujipamba waendapo kusali, na papo hapo wakakatazwa israfu. Mtume (s.a.w.) amepokewa kwamba alichukizwa kumwona mtu mwenye nguo chafu hali maji ya kufulia yapo, na alipoulizwa kama kupenda nguo nzuri ni kiburi, alieleza kwamba kiburi si hicho, bali ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Katika wema waliotangulia ipo mifano miwili ambayo mtu wa haraka hudhani inapingana. Imam Malik bin Anas, mwanachuoni wa Madina, alikuwa haketi kusomesha hadithi ila ameoga, amevaa nguo nzuri, na amejitia manukato. Sayyidna Umar bin Khattab naye husimuliwa kwamba aliingia Baitul Muqaddas, hali ni mtawala wa dola kubwa, naye amevaa nguo yenye viraka. Malik alivaa vizuri kwa heshima ya kazi aliyokuwa nayo mkononi, si kwa ajili ya kutazamwa. Umar alivaa kiraka kwa kuogopa kujiona, si kwa uvivu wa kufua. Wote wawili waliitazama amana iliyokuwa mbele yao. Basi na ifahamike: kiraka si aibu, uchafu ndio aibu.

Na yatazamwe sasa mambo hayo matatu, moja moja.

La kwanza ni usafi, na hili halihitaji utajiri. Mfanyakazi mwenye mashati mawili, moja mwilini na moja kambani, humshinda mwenye mashati kumi yaliyorundikwa kitini. Shati lifuliwe jioni ile ile, kwani jasho likilala katika kitambaa usiku mmoja harufu yake huwa ngumu kutoka, na ukosi hufanya mstari mweusi ambao sabuni ya kesho haiutoi. Kitambaa cha pamba hunyonya jasho na kupitisha hewa. Kile cha poliesta hakikunji upesi na bei yake ni nafuu, lakini jasho hukaa juu ya ngozi na harufu hubaki. Katika miji ya joto ya kando ya ziwa, anayeweza kuchagua na achague pamba, au mchanganyiko wenye pamba nyingi. Nguo nyeupe itiwe buluu kidogo. Ikipigwa pasi ya mkaa, mkaa uwake kwanza nje mpaka moshi wote uishe, na majivu yapulizwe, kwani cheche moja huharibu shati la mwezi mzima.

Kifungo kilichokatika kishonwe siku hiyo hiyo. Viatu vifutwe vumbi jioni na kupakwa rangi, tena visivaliwe na maji ndani. Kucha zikatwe, ndevu zichanwe, meno yapigwe mswaki. Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti, kwa kuwaondolea watu udhia, na mwenye akili atapima kwamba mgonjwa aliyelala kitandani, asiyeweza kumkimbia muuguzi, naye ana haki hiyo. Kadhalika manukato yawe kwa kiasi. Udi wa harusini ukichukuliwa wote mpaka katika chumba kidogo cha ofisi huwa udhia mwingine.

Mfanyakazi Mwislamu ana jambo la ziada, nalo ni kwamba mchana husali. Basi nguo yake ya kazi na iwe ni nguo anayoweza kutawadha nayo na kusujudu nayo. Mikono ya shati ikunjike kupita viwiko. Viatu viwe vya kuvulika upesi. Aliyevaa khofu zinazotimiza masharti, baada ya kutawadha, anaruhusiwa kupaka maji juu yake muda wa mchana na usiku wake kwa mkazi, na siku tatu kwa msafiri. Ruhusa hii wengi wameisahau, nao huacha sakafu ya choo cha ofisi imelowa, kisha wenzao wa dini nyingine wakateleza na kunung'unika. Adabu ya kukausha maji baada ya udhu ni sehemu ya usafi pia.

La pili ni stara, na hapa watu hukimbilia kuwasema wanawake peke yao. Yafaa kuanza na wanaume. Wapo vijana wavaao suruali zilizobana na kushuka kiunoni, na mashati mafupi; wakisujudu shati hupanda, suruali hushuka, na safu ya nyuma hulazimika kufumba macho. Kijana kama huyo hana haki ya kumkosoa dada yake. Mwanamume amekatazwa dhahabu na hariri. Kwa hiyo anayevaa tai na asome kibandiko chake nyuma, kwani tai nyingi za thamani ni za hariri safi, na zipo za pamba na za poliesta zinazofanya kazi ile ile.

Kwa mwanamke, stara haina umbo moja la lazima katika kazi zote. Gauni pana au suruali pana yenye kanzu ndefu juu yake, kitambaa kizito kisichoonyesha, na ushungi uliobanwa vizuri, vyote vinatosha, na vyote vyaweza kushonwa kwa rangi ya sare ya mahali pa kazi. Jambo hili la rangi ni dogo, lakini limefungua milango mingi. Ushungi wa rangi ya sare huonekana kuwa ni sehemu ya sare. Polisi wa jiji la London waliukubali ushungi kuwa sehemu ya sare yao tangu mwaka 2001, na haukumzuia askari kushika mhalifu.

Hata hivyo haifai kuwadanganya mabinti kwamba njia yote ni laini. Nchini Marekani, katika mji wa Tulsa, mwaka 2008, msichana Mwislamu alisailiwa kwa kazi ya duka la nguo naye amevaa ushungi. Alifanya vizuri, lakini alikataliwa kwa ajili ya kitambaa hicho, bila ya kuulizwa neno. Shauri lilipanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi ile, na tarehe 1 Juni 2015 mahakimu 8 kati ya 9 walimpa haki. Katika Ulaya mambo yalikwenda namna nyingine. Tarehe 14 Machi 2017, Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu mbili kwa siku moja. Katika shauri la Ubelgiji, la mwanamke mpokea wageni aliyeachishwa kazi, ilisema kwamba kampuni ikiwakataza wafanyakazi wote alama zote za dini, siasa na falsafa, huo si ubaguzi wa moja kwa moja. Katika shauri la Ufaransa, ilisema kwamba mteja kuchukia kuhudumiwa na mwenye ushungi si sababu ya kutosha ya kumzuia mtu na kazi yake.

Mafunzo yaliyomo ni mawili. Kwanza, sheria za nchi hazilingani. Aendaye kufanya kazi katika nchi nyingine, na wengi wa miji hii wana jamaa Ubelgiji na Ufaransa, na aijue sheria ya huko kabla ya kutia sahihi mkataba. Pili, linaloulizwa mapema kwa upole mara nyingi hupata jibu jema, na linaloshikwa mlangoni kwa ugomvi hupata jibu baya. Binti aliyepata barua ya kazi na aandike barua ya adabu, aeleze vazi lake, atoe na rangi anayokusudia. Akikubaliwa, ana hati mkononi. Akikataliwa, amejua mapema, na wazee wana jambo la kuliendea kwa wakubwa kwa hoja badala ya kelele.

La tatu ni kuifaa kazi. Hapa hatari si ya aibu bali ni ya roho. Kitambaa kirefu na gurudumu lizungukalo ni maadui. Isadora Duncan, mchezaji dansi wa Marekani aliyejulikana dunia nzima, alikufa mjini Nice tarehe 14 Septemba 1927, baada ya skafu yake ndefu kunaswa na gurudumu la gari alilokuwa amepanda. Yaliyompata yeye katika gari la starehe yaweza kumpata binti yeyote anayekwenda kazini nyuma ya pikipiki huku ncha ya buibui ikipepea karibu na mnyororo. Kabla pikipiki haijaondoka, nguo ikusanywe na kukaliwa. Katika kinu, katika kiwanda cha mbao, na katika karakana, ncha za ushungi ziingizwe ndani ya koti, mikono ya shati ifungwe vifungo, pete na mikufu ivuliwe. Kanzu ibaki msumarini mpaka saa ya sala, haitakasirika. Jikoni, kitambaa cha poliesta karibu na moto mkali huyeyuka na kuganda juu ya ngozi. Mpishi na avae pamba, na aproni juu yake.

Hospitalini sheria ni kali zaidi, na ni haki iwe hivyo. Mkono wa nguo ukigusa kidonda cha huyu kisha kitanda cha yule, huweza kuhamisha vijidudu. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2007 uliwataka waganga na wauguzi wanaogusa wagonjwa wawe mikono wazi kuanzia viwikoni. Wanawake wa Kiislamu walipoeleza shida yao, mwongozo uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha njia: mikono mirefu yaruhusiwa pasipokuwa na kumgusa mgonjwa, na penye kumgusa ikunjwe juu, au itumike mikono ya ziada ya kuvaliwa mara moja na kutupwa. Hawakuwaacha wagonjwa, wala hawakuacha kazi; walieleza, wakasikilizwa. Na yeyote avaaye koti jeupe la hospitali asilivae sokoni wala nyumbani penye watoto. Koti lile si pambo la kutembelea.

Laonekana basi kwamba stara, usafi na kufaa havigombani. Mikono inayokunjwa kwa ajili ya udhu ndiyo hiyo hiyo inayokunjwa kwa ajili ya mgonjwa. Ushungi uliobanwa kwa ajili ya stara ndio huo huo usionaswa na mashine. Mtu akitulia na kufikiri, hupata vazi moja linaloridhisha pande zote.

Baada ya hayo lipo jambo la bei, ambalo ndilo linalowaangamiza vijana wengi. Kinshasa na Brazzaville wamejulikana duniani kwa watu wa Sape, ambao hununua koti na viatu vya Paris kwa bei inayozidi kipato chao mara nyingi. Ustadi wao wa kuoanisha rangi hauna shaka. Lakini kijana anayeanza kazi hana haki ya kuwavisha wadai wake matumaini na kumnyima mama yake unga. Suti ikiwa ya deni, mwenye nayo huenda kazini akiwa na hofu, na karani mwenye hofu ya deni ndiye aliye karibu zaidi na mlungula. Hapo vazi la heshima limegeuka kuwa mlango wa haramu. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwanzo wa kutosha ni mdogo. Suruali mbili za rangi ya kutulia, mashati matatu, jozi moja ya viatu vyeusi, na koti moja: mfanyakazi mwenye hivyo ana vazi la mwaka mzima. Wengi hulipata koti hilo katika mitumba, inayoitwa caguwa huko Rwanda, neno lililotoka katika Kiswahili chenyewe cha kuchagua. Nchi ile mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola 2 na senti 50, kwa nia ya kukuza viwanda vya ndani. Anayenunua mitumba na aifue kwa maji ya moto kama kitambaa kinavumilia, aianike juani, na aipige pasi kabla ya kuivaa. Tena ampelekee fundi cherehani ailinganishe na mwili wake. Koti la bei ndogo lililopunguzwa mabegani humshinda nduguye wa dukani aliyening'inia. Fundi stadi hujua pia kuufumua ukosi uliolika na kuugeuza, upande mzima ukaja juu, na shati likapata maisha ya pili. Mafundi wa namna hiyo wapo katika kila mtaa wa Waislamu, na vijana wawapitao kila siku bila ya kuwatazama wangejifunza kwao mengi.

Haki nayo huenda pande mbili. Mwajiri anayedai sare na aitoe, au akate bei yake kidogo kidogo kwa maafikiano. Tajiri Mwislamu anayemtaka kijana wa dukani awe nadhifu, hali amempa mshahara usionunua sabuni, amedai mavuno pasipo kupanda. Na wazee waliokwisha staafu, ambao makoti yao ya kazi yananing'inia makabatini yakiliwa na nondo, wamekalia sadaka bila ya kujua. Koti hilo likimfikia kijana anayeitwa kusailiwa, na apewe kabisa, asiazimwe. Kwani imesemwa kwamba nguo ya kuazima haisitiri, na aliyesitiriwa kwa muda huingia chumbani akifikiri saa ya kurudisha.

Na warejewe sasa wale wawili waliotajwa mwanzoni. Yule binti si lazima achague baina ya ushungi na kazi. Lililo lazima ni baba yake na wazee wa mtaa waende pamoja naye kuuliza, badala ya kumfungia ndani kwa dhana. Elimu aliyoipata ni amana, na kina mama wagonjwa wanaotaka kuhudumiwa na mwanamke mwenzao wana haki juu ya elimu hiyo. Na yule kijana, hata deni lake likimalizika, na akumbuke kwamba suti ilimpa dakika ya kwanza tu. Dakika zilizofuata alizipata kwa kufika mapema, kusema kweli, na kurudisha mafaili mahali pake.

Nguo ni ahadi. Kazi ndiyo malipo yake. Avaaye kofia akachukua rushwa ameivunjia heshima kofia ya kila mwenye kofia. Avaaye ushungi akamkaripia mgonjwa maskini amewafungia mlango mabinti watakaokuja baada yake. Na avaaye shati lililogeuzwa ukosi, akamhudumia mnyonge kama amhudumiavyo mkubwa, amelivisha jina la jamaa yake vazi ambalo hapana fundi awezaye kulishona.

Mwenyezi Mungu awasitiri vijana wa Kiislamu katika nguo zao na katika vitendo vyao, awape riziki za halali, na awajaalie wawe wafanyakazi wanaoaminiwa na wa dini yao na wa dini nyingine. Amin.

Wabillahi tawfiq.